Mbao za Jahazi, Mawimbi ya Malindi

Watu wakitajiwa ubao wa kupandia mawimbi, mawazo yao huenda moja kwa moja Hawaii, Australia, au Durban. Hawakosei, maana huko ndiko mchezo huu ulikokomaa. Lakini mimi niliyekulia Malindi nashuhudia kwamba katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mbao hizo zilichongwa papa hapa kwetu, nyuma ya mivinje, kwa tezo na randa zilezile zilizochonga mashua na madau. Nilizibeba kichwani. Nilizipiga msasa mpaka vidole vikatoka malengelenge. Na fundi aliyezitengeneza alikuwa mjomba wangu, ndugu yake mama, mtu ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kupanda wimbi hata moja.

Asiyeijua bahari ya Malindi atashangaa, kwa hiyo nianze nayo. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imezungukwa na mwamba wa matumbawe, na mawimbi humalizikia huko nje. Kusini mwa mji wetu hali ni hiyo hiyo, ndipo palipotangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1968. Lakini kaskazini kuna mto Sabaki. Tope lake jekundu halipi matumbawe nafasi ya kuota, basi ghuba imebaki wazi, na kusi likishika barabara kati ya Juni na Septemba mawimbi huingia bila kizuizi mpaka mchangani. Si mawimbi ya kutisha. Mengi yanamfika mtu kiunoni au kifuani, yamevurugwa na upepo, na hayana nguvu ya kubeba kitu kizito. Ubao uliofaa Malindi ulipaswa kuwa mwepesi na mpana. Mjomba alilijua hilo kabla hajaambiwa na mtu, kwa sababu alikuwa ametazama maji yale tangu utotoni.

Kusi hilohilo ndilo lililokuwa msimu wake wa kazi za nchi kavu. Bahari ikichafuka wavuvi hupandisha vyombo, na fundi hupata nafasi ya kubadilisha ubao uliooza, kukalafati kwa pamba na mafuta, kupaka deheni chini. Kibanda chake cha makuti kilikuwa karibu na soko la samaki, na kuanzia asubuhi ulisikia nyundo ya mkalafati ikigonga. Na Agosti ndiyo iliyokuwa likizo ya Wazungu wa mashamba ya bara. Walishuka na magari yao yamejaa vumbi, na juu ya magari wamefunga vibao vyembamba vya plaiwudi vilivyopindwa pua. Vibao vile vilikuwa maarufu kwenye fukwe za Cornwall, Uingereza, tangu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Afrika Kusini vilitumika pia. Mwandishi Agatha Christie alijifunzia mchezo huo huko huko, Muizenberg, mwaka 1922. Mtu hasimami juu yake. Hulalia tumbo, akasubiri wimbi limwinue, kisha akateleza nalo hadi ufukweni akicheka kama mtoto.

Mmoja wa wageni hao, mzee wa Kizungu mwenye Kiswahili cha amri amri, alikuja kibandani na kibao kilichofumuka. Matabaka ya plaiwudi yalikuwa yameachana na yanapepea. Mjomba alikichukua, akakinusa, akakikunja kidogo, akakwangua mahali palipoachana kwa ukucha.

"Bwana, huyu hakuuawa na maji," alimwambia. "Ameuawa na gundi."

Yule mzee alitaka kitengenezwe. Mjomba akamjibu kwamba maiti haitibiwi, ila angeweza kumtengenezea kingine. Akamsimamisha wima, akapima kwa kamba toka ardhini hadi kitovuni, akafunga fundo. Hiyo ikawa desturi yake kwa kila aliyekuja baadaye: kamba moja, fundo moja, jina hakuliuliza. Kamba zilining'inia kwenye boriti ya kibanda, na kwa kuzitazama tu alijua hii ya nani.

Mbao alizipata wapi? Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ndiko ufundi wake ulikokuwa.

Kulikuwa na masanduku ya chai. Chai ya Kericho na Limuru ilisafirishwa kwa masanduku ya plaiwudi nyembamba yenye vipande vya bati kwenye kingo, na masanduku yaliyochakaa yaliuzwa madukani kwa watu wanaohama nyumba. Plaiwudi yake ilikuwa nyepesi, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya bahari. Mjomba alikata kipande cha upana wa vidole viwili kutoka kila sanduku, akakitia katika sufuria ya maji yanayochemka, akaenda zake kuswali adhuhuri. Akirudi, kipande kilichofumuka kilihukumu sanduku zima kuwa la kuwekea kuku. Kilichobaki kimeshikamana, sanduku lake lilivuliwa bati, likanyooshwa, likawekwa kando.

Kulikuwa pia na msonobari wa masanduku ya mitambo. Waitaliano walikuwa wamejenga kituo chao cha kurushia roketi baharini huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Setilaiti yao ya kwanza kurushwa kutoka hapo iliruka Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 wakarusha setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wetu. Mbao za masanduku zilizopita mikononi mwa watu zikafika mjini, na kila mtu alisema zimetoka kwa Waitaliano. Zilikuwa nyeupe, nyuzi zake zimenyooka, na ukizipiga randa zilitoa harufu ya dawa. Hizo mjomba alizilaza baharini usiku kucha, kisha akazipasha juu ya moto wa makumbi huku akizinyunyizia maji, akazibana kati ya vigingi kwa jiwe mpaka pua ikapinda ikakubali. Ndivyo walivyopinda mbao za mashua, na hakuona sababu ya kubuni njia nyingine.

Na kulikuwa na mbao za majahazi yaliyokufa. Zamani hizo ufuo ulikuwa na mizoga ya vyombo vikubwa, vingine vya kutoka Uarabuni na India, ambavyo wenyewe walivitelekeza baada ya kuvunjika. Ubao wake ni msaji. Msaji uliokaa baharini miaka thelathini hauna mfano kwa uimara, lakini una maadui wawili ndani yake. Wa kwanza ni msumari wa chuma uliokatika na kujificha; randa ikiupata, ncha imekwisha. Mjomba alipitisha kiganja chake juu ya ubao polepole akitafuta doa jeusi, kwa maana kutu huuchafua msaji na doa hilo halifichiki. Wa pili ni mafuta. Chombo hupakwa sifa, mafuta ya papa, mwaka baada ya mwaka, na ubao huyanywa. Kwa mashua hiyo ni neema. Kwa ubao wa kupandia mawimbi haikuwa taabu pia, mpaka siku resini ilipoingia kibandani.

Resini ilikuja na kijana wa Australia. Ilikuwa mwaka 1972, naye alikuwa akisafiri kwa nchi kavu kwenda Ulaya, amebeba ubao mrefu wa kusimamia, wa kwanza wa aina yake kuonekana na sisi. Barabara ya kokoto ilikuwa imeuvunja katikati. Mjomba hakuujali uso wake uliong'aa. Aliuinua ule upande uliovunjika akatazama ndani. Tuliona kitu cheupe kama povu lililoganda, na katikati yake, kutoka kichwani hadi mkiani, ukanda mwembamba wa mbao.

Mjomba aliushika ule ukanda kwa vidole viwili.

"Unaona? Na hao nao wameshindwa kumtupa mti."

Povu lile la kiwandani lilienea Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, Hobie Alter na Gordon Clark wakiwa mstari wa mbele huko California, na ndani ya muda mfupi likaua mbao za balsa zilizokuwa zikiagizwa kutoka Ekuado. Ukanda wa mbao ukabaki ndani kama uti wa mgongo, kwa sababu povu peke yake hukatika. Haya niliyasoma nikiwa mtu mzima. Mjomba aliyasoma siku ile kwenye ufa.

Kijana hakuwa na fedha za ubao mpya, lakini mjini Mombasa, kwenye karakana za boti, faibaglasi na resini vilikuwa vimeanza kupatikana, naye akajitolea kuvinunua kama mjomba angemtengenezea ubao mwingine. Povu hatukuwa nalo. Mjomba akaamua kuutengeneza kama chombo: mkuku mwembamba wa msonobari katikati, mataruma kila baada ya shibiri, kisha ngozi ya plaiwudi ya masanduku ya chai juu na chini, na kingo za msaji wa jahazi kwa sababu kingo ndizo zinazogongwa. Ndani mtupu.

Ule mfupa ulipokamilika, kabla haujavalishwa ngozi, wavuvi walisimama kuutazama wakadhani mjomba anatengeneza mtumbwi wa mtoto. Nikiwa mtu mzima nikaona picha ya ubao wa Tom Blake, Mmarekani aliyepewa hataza ya ubao mtupu wenye mataruma mwaka 1932 baada ya kuchunguza mbao za kale za Wahawaii katika jumba la makumbusho la Bishop, Honolulu. Nilishtuka. Mfupa ulikuwa uleule. Mjomba hakuwahi kulisikia jina la Blake, wala hakuhitaji, maana mtu yeyote anayejua kujenga mashua na akaambiwa ajenge kitu chepesi kinachoelea atafika mahali hapo.

Umbo alilichukua kwa mwenyewe. Alimlaza yule kijana kifudifudi mchangani, akachora alama kidevuni, kitovuni na magotini kwa kijiti, akamwambia apige makasia kwa mikono kana kwamba yuko majini. Akatazama kifua kinapokandamiza mchanga zaidi. Hapo ndipo alipouweka upana mkubwa. Mkiani chini alichonga usukani mdogo wa mbambakofi, mwembamba nyuma kuliko mbele, kwa jicho tu.

Sasa yale mafuta. Tulipopaka resini kwenye kingo za msaji kwa mara ya kwanza, haikushika. Ilikauka ikang'oka kama ganda la yai la kuchemsha, na kijana akakata tamaa. Mjomba alikaa kimya siku hiyo yote. Kesho yake alitutuma kwenye mzoga wa jahazi kuchukua mbao za juu, zile zilizo mbali na mkondo wa maji ambazo hazikupakwa sifa sana. Akazikwangua kwa kigae cha chupa. Akazichemshia maji ya magadi, akazisugua kwa brashi ya makumbi, akazianika, akazisugua tena. Kisha akadondosha tone moja la maji kwenye ubao na sote tukainama kutazama. Tone likisimama likawa duara, mafuta bado yamo. Likitandaa na kuzama, ubao uko tayari. Ilichukua siku nyingi za jua kabla tone halijazama.

Resini yenyewe ilitufunza saa. Katika joto la Malindi ukiichanganya mchana inachemka ndani ya mkebe na kuganda kabla hujafika katikati ya kazi. Kwa hiyo tuliifanya baada ya swala ya alfajiri, kidogo kidogo, na kitambaa cha faibaglasi kimeshakatwa tangu usiku uliotangulia. Nyuzi zake ziliwasha mikono na shingo. Mama alinikataza kuketi kitandani kabla sijaoga. Harufu ilikaa kibandani kwa wiki, na wazee waliokuwa wakija kucheza bao chini ya makuti walihamia kwa jirani.

Kitu kimoja mjomba alikiongeza kwa akili yake. Ubao mtupu uliofungwa pande zote ukiachwa juani, hewa ndani hupanuka na kuupasua. Alitoboa tundu kwa keekee juu karibu na mkia, akalichongea kizibo cha mkoko, akamwambia kijana: ukiutoa majini, toa kizibo, ukiurudisha, kirudishe. Tulipoupima kwenye mizani ya soko la samaki ulikuwa na kilo 18 kwa urefu wa futi 9. Ubao wa mti mzima, usio mtupu ndani, wa urefu huo mtu mmoja asingeubeba kwa raha.

Siku ulipoingizwa majini, ufukwe ulijaa. Kijana alisimama juu yake katika wimbi la pili na kuja moja kwa moja kutuelekea, mikono ameinyoosha kidogo, magoti amekunja. Sikuwahi kuona mtu amesimama juu ya maji. Wavuvi walipiga kelele. Mjomba hakupiga kelele. Macho yake yalikuwa mkiani, kwenye usukani, akitazama maji yanavyoachana. Alipotoka kijana, neno la kwanza la mjomba lilikuwa kwamba kingo za nyuma ni nene mno na atazipunguza. Akazipunguza jioni hiyohiyo.

Baada ya hapo oda zilikuja, za wageni hasa, na chache za watu wa hoteli. Lakini mimi nazikumbuka zaidi zile ambazo hazikulipiwa. Mabaki yalipokuwa mengi mjomba alitutengenezea sisi watoto wa mtaani vibao vya kulalia, vya msonobari wa Waitaliano vilivyoungwa kwa gundi ya unga na kupakwa nta ya nyuki iliyoletwa na Wagiriama, iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya nazi ili tusiteleze. Kabla ya hapo tulikuwa tukipanda mawimbi kwa vipande vya ngalawa vilivyookotwa, vyenye misumari. Mama zetu hawakupenda. Mjomba alisema kama watoto wataingia majini iwe itakavyokuwa, basi waingie na kitu kinachoelea.

Kazi hiyo haikudumu. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mahoteli yaliagiza mbao za povu kutoka ng'ambo kwa wingi, zote za kipimo kimoja, na mgeni wa wiki mbili hakuwa na haja ya kupimwa kwa kamba. Hoteli moja iliyokuwa imeagiza mbao kadhaa kwa mjomba ilizikataa zikiwa tayari, na hakulipwa hata bei ya resini. Hakushtaki. Alirudi kwenye mashua, na mashua nazo zikaanza kuwa za faibaglasi. Kamba zake zenye mafundo zilibaki kwenye boriti mpaka makuti yalipoanguka.

Tarehe 5 Desemba 2005, kampuni ya Clark Foam ya California, iliyokuwa ikilisha sehemu kubwa kabisa ya watengenezaji wa Marekani kwa povu, ilifunga milango kwa ghafla. Watengenezaji wengi wakajikuta hawana cha kuchonga, na wengine wakarudi kwenye mbao: mataruma, ngozi nyembamba, tundu la hewa mkiani. Leo kuna karakana za aina hiyo Marekani, Australia na Ulaya, zinauza ubao mmoja kwa bei ya pikipiki, na zinasifu mbao zilizookolewa kutoka maghala na meli za kale. Nafurahi. Lakini moyo huniuma nikiona watu wanaenda kujifunza ng'ambo kitu ambacho fundi wa kibanda cha makuti alikifanya Malindi kwa masanduku ya chai.

Wala mikono haijaisha. Mwaka 2018 huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walizindua Flipflopi, jahazi lililojengwa kwa taka za plastiki zilizookotwa, na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Mkuku wake na mataruma yake yalichongwa kwa mikono kwa namna ile ile ya jahazi la mbao. Wale ni wenzake mjomba hasa, ingawa hawakukutana.

Siku hizi nikitembea ufukweni nawaona vijana wetu wakiwafundisha wageni, na mbao zao ni za povu. Zikivunjika hutupwa, na chembe nyeupe hutapakaa mchangani mpaka mivinjeni. Ndani ya mbao nyingi zinazotupwa bado kuna povu la futi 5 au 6 ambalo halina kosa. Ngozi tu ndiyo imepasuka. Livalishwe plaiwudi nyembamba, lipewe kingo za msaji au mwembe, lipakwe alfajiri resini isiyoyeyusha povu, nalo litarudi majini kwa miaka mingi. Fundi wa mashua aliye na tezo na randa anaweza kuifanya kazi hiyo, na bado wapo Mambrui, Mayungu, Lamu na Kilifi.

Kwa hiyo nawasihi ninyi vijana mnaofundisha mawimbi: msizitupe mbao zilizovunjika, zipelekeni kwa mafundi hao, na mkae nao wakifanya kazi. Na wenye mizoga ya majahazi ufukweni kwenu, msiiuze kuni kwa tanuri za chokaa. Mwiteni fundi kwanza aitazame. Mafundi walio hai wamezeeka, na ninaowajua mimi wanaweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja.